Mlima wa Sagalla Haujahama

Wakesho mwanangu,

Salamu nitakupa kesho kwa mdomo. Karatasi hii ina kazi nyingine.

Nilikuwa nimekwisha kukuandikia barua ya kawaida ya mzazi anayeagana na mtoto: neti, pesa za dharura, marafiki wa kuepuka. Nimeichana. Nyanya yako ameshasema hayo yote, na ya neti ameyarudia. Naandika kwa haraka kabla hujarudi, ndiyo maana mwandiko huu unafanana na wa wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza siku ya mtihani.

Nianze na lile ambalo lazima ulijue hata kama hutasoma zaidi ya hapa. Ile dira yako ya kuzamia, usiivae pale nilipokuonyesha. Usiivae pale ukiwa na bangili ya nyanya mkononi, hata kama bangili imefichwa ndani ya suti. Hasa ikiwa imefichwa ndani ya suti.

Najua nilivyokuambia. Mkono wa kushoto, juu ya suti, nyuma kidogo ya kifundo. Nikaongeza, kwa ule ukali wangu, kwamba mtu anayeining'iniza dira kwenye mpira wa geji ya kupimia hewa anajitafutia kifo. Nimekuambia hivyo tangu ulipokubaliwa kwenye mafunzo ya pwani. Nimekuambia jikoni, nimekuambia tukifua, nimekuambia kwenye simu ulipokuwa Werugha kwa mama yako mkubwa, mpaka ukasema, "Mum, nimeskia, mkono wa kushoto, hata nikiolewa nitavaa pete huko huko." Ungeondoka kesho, ungefanya kama nilivyosema, na ungeshuka baharini na kitu kinachokudanganya mkononi. Mimi ningekuwa huku darasani, na chaki mkononi.

Kila nikifika kwenye sentensi hiyo nasimama. Nimeinuka mara kadhaa kwenda kunawa uso.

Ulivyotoka chumbani leo mchana tulicheka, unakumbuka. Ulikuwa umevaa ile suti nyeusi ya mtumba katika joto hili la Voi, jasho linakutiririka kidevuni, miguu mitupu unairusharusha kwenye saruji yenye moto. Mama Pendo akakuona kutoka ng'ambo ya ua.

"Wakesho! Sasa hayo maji utazamia wapi? Hapa hata ya bomba hatujayaona wiki hii!"

"Nitazamia kwa tangi lenu, Mama Pendo!"

"Tangi letu utagonga kichwa. Limebaki matope na chura mmoja."

"Basi nitamsalimia huyo chura."

Nikakuambia usimame kama nilivyokufundisha. Mkono wa kulia mbele, umenyooka. Wa kushoto umekunjwa, kiganja kimeshika kiwiko cha kulia, ili dira ikae mbele ya uso na mstari wake ufuate mwili wako. Nikakuambia uugeukie mlima wa Sagalla. Mlima huo uko kusini mwa mji huu tangu sijazaliwa. Nilikuwa nataka tu kukupiga picha.

"Soma," nikasema.

"Magharibi."

"Soma vizuri, Wakesho. Usicheze."

"Mum, inasema magharibi. Ama dira imeharibika, ama mlima umehama."

Mama Pendo alicheka mpaka akaushika ua kwa mikono miwili. "Umehama bila kuaga! Na nyanya yako yuko juu yake!"

Wewe ulicheka naye. Mimi nilisema jua limekuzidi, vua hiyo suti. Ukavua suti, ukavua dira, ukavua na bangili ambayo nyanya alikuvisha jana. Ukasema, "Aliniambia nisiivue nikishatoka nyumbani, na bado sijatoka." Ukaviweka vyote mezani, ukaenda kwa Mkamburi kusukwa nywele.

Nilikaa hapo mezani nisahihishe madaftari. Dira ilikuwa mwisho mmoja wa meza, bangili mwisho mwingine. Nikaitupia dira jicho: kusini ilikuwa kusini. Nikajiambia, mtoto hakushika vizuri. Kisha nikaisogeza bangili ili nipate mahali pa kuweka kikombe cha chai, na sindano ya dira ikageuka, ikaifuata.

Ikaifuata kama kuku anavyomfuata mtu mwenye mahindi. Niliirudisha bangili, sindano ikarudi. Niliisogeza tena, ikaja tena. Chai ilipoa mbele yangu. Nilikuwa nasikia redio ya Mama Pendo lakini maneno hayakuwa na maana yoyote.

Wakesho, mimi ni mwalimu wa fizikia. Kila mwaka naingia darasani na pini na sumaku, nawaonyesha watoto wa watu jinsi sumaku inavyogeuza dira, naandika ubaoni: weka dira mbali na chuma. Na bangili ile naijua. Naijua kuliko vidole vyangu. Wewe humkumbuki babu yako, aliyekuwa fundi kwenye karakana ya reli hapa Voi. Aliikunja kutoka kipande cha springi, akaing'arisha, kisha akaishikisha kwenye sumaku kubwa ya karakana ya kuokotea vyuma, akaiacha huko mpaka nayo ikawa sumaku. Aliifanya makusudi. Mke wake alikuwa mshonaji na pini zilikuwa zinamwangukia kila saa, na sakafu ilikuwa ya udongo. Nimekua nikimwona mama yangu akiinama karibu na cherehani, anapitisha mkono hewani juu ya sakafu, pini zinaruka zinamganda mkononi. Alikuwa akisema, "Mzee wenu bado yuko kazini." Alisema hivyo hata baada ya kumzika.

Babu yako alipofariki, bangili ikaanza kusafiri. Mtu wa nyumba yetu akiondoka, mama anamvisha, anamwambia isimtoke mkononi mpaka arudi. Akirudi, anaivua mwenyewe na kuirudisha kwa mama kabla ya kuketi. Mjomba wako aliivaa alipokwenda jeshini. Mama yako mkubwa aliivaa alipoolewa Werugha, akairudisha alipokuja kuzaa. Na mimi niliivaa nilipokwenda Ziwa Chala.

Sasa umeelewa tunakoelekea. Mimi nilielewa leo nikiwa na kikombe cha chai mkononi.

Habari za Chala nimekusimulia nusu nusu, na nusu hizo ndizo zilizokuwa zimenyooka. Nilikuwa chuoni, likizoni, na wewe ulikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Mradi mmoja wa kuchunguza maji ya lile ziwa la Taveta ulitafuta vijana wa huku, ukatupeleka pwani tukafundishwa kuzamia. Nilikuacha Sagalla kwa nyanya. Nilikuacha unalia, na nyanya akanivisha bangili nikiwa nalia pia, na ndiyo maana sikuivua hata siku moja, kuoga wala kulala. Kuivua kungekuwa kama kukuacha mara ya pili. Suti ya kuzamia ilikuwa inaibana kwa ndani, ikaniachia alama. Hakuna aliyeiona. Dira niliifunga juu yake, kwa nje, kama nilivyofundishwa.

Mwenzangu alikuwa Salim. Unamjua kama mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stesheni ya zamani, na nadhani umewahi kuniuliza kwa nini hatununui misumari pale. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba kutoka familia ya watu wa pwani waliohamia Voi na biashara, mcheshi, mwogeleaji kutushinda wote. Alitaka kuwa mzamiaji wa bandarini. Ndoto hiyo alikuwa akiisema kwa sauti, tukila, tukifungasha, wakati wowote. Alipenda dira yake ikae kwenye mpira, pamoja na geji ya hewa. Nilimtania kwamba anatembea na mkia.

"Mkia huu nitaushika kwa mikono miwili mbele ya kifua," alinijibu. "Wewe na saa yako ya harusi, mkono ukipinda kidogo tu umefika Tanzania."

Siku hiyo boti ilitushusha kwenye boya katikati ya ziwa. Kazi yetu ilikuwa kushuka kiasi, kisha kuogelea chini kwa chini katika mstari mmoja mnyoofu hadi ukingoni, tukichota maji kwenye chupa njiani. Boti ilitangulia kwenda kutungoja. Uelekeo nilikuwa nimeupima nikiwa bado botini, dira nimeishika kwa mkono wa kulia kabla sijaifunga. Ilisema kweli. Kisha nikaifunga mkono wa kushoto, nikaruka majini, nikaongoza.

Sisi watu wa huku hatupotei, Wakesho. Ukitoka nje ya mlango unaona Sagalla huku, Mbololo kule, na siku isiyo na vumbi Kasigau kwa mbali. Hujiulizi uko wapi. Nilipokuwa ndani ya maji yale ya kijani nilitafuta mlima. Nilitafuta kweli, nikageuza kichwa. Hakukuwa na kitu chochote pande zote. Basi nikaifanya dira kuwa mlima wangu, na mlima huwezi kuubishia.

Salim alinigusa bega. Akanionyesha dira yake, akaashiria kushoto. Nikamwonyesha yangu, nikaashiria mbele. Akatikisa kichwa. Nikaendelea. Akanisukuma bega kwenda kushoto, nikamtoa mkono. Tukaenda hivyo mwendo mrefu, mimi nikikaza macho kwenye sindano yangu, na hasira imenipanda kwamba huyu hanisikilizi kwa kuwa mimi ni msichana. Mwishowe akanishika mguu. Nilimpiga teke. Lilimpata usoni, kinyago kikamtoka na ule mdomo wa hewa ukamponyoka, akameza maji, akapaa juu kwa kasi ambayo tulifundishwa kwamba haifai kamwe.

Tulipoibuka, ukingo ulikuwa mbali kila upande. Damu ilikuwa inamtoka sikioni.

Niliwaeleza wote kilichotokea, na teke nikalitaja. Sikuficha kitu, kwa sababu sikuona kwamba kuna cha kuficha. Mkuu wa kazi akaziweka dira zetu juu ya jiwe, moja baada ya nyingine, zikasoma sawa. Kwa hiyo, akasema, dira ni nzima. Tatizo ni mahali ilipofungwa. Ya Salim ilikuwa kwenye mpira, karibu na mtungi wa chuma. Ya Mghoi, yaani yangu, ilikuwa mkononi, hakuna chuma karibu. Tulipotea kwa sababu Salim alikuwa ananivuta. Nilikuwa nimesimama pale, suti imekunjwa kiunoni, bangili inametameta mkononi mwangu mbele ya macho ya kila mtu, nikaitikia kwa kichwa. Salim alikuwa anatapika kwenye mawe. Mtu anayetapika hawezi kujitetea.

Sikio lake halikupona. Hakuzamia tena. Mimi nilimaliza kazi ile, nikarudi Sagalla, nikavua bangili, nikampa mama, nikakubeba. Na maisha yangu yote tangu siku hiyo nimeyapanga juu ya somo moja: kwamba nilijua nilikokuwa naenda, na nisingemsikiliza mtu. Hivyo ndivyo nilivyokulea. Hivyo ndivyo nilivyoachana na baba yako. Sisemi kwamba nilikosea katika kila jambo. Nasema tu kwamba jiwe la kwanza nililolijengea nyumba, leo nimelishika na limevunjika mkononi kama tofali bichi.

Nimeacha kuandika hapo juu, nikachukua dira na bangili, nikatoka. Sasa nimerudi. Nitakusimulia moja kwa moja kabla sijaanza kujipambia.

Nilikwenda dukani kwa Salim. Jua lilikuwa linashuka na alikuwa anaingiza ndani majembe na ndoo. Nilisalimia. Hakuitika. Nikasalimia tena.

Mke wake, Zuhura, akaniambia kutoka nyuma ya kaunta, "Upande wa pili, mwalimu. Sikio hilo ni la urembo tu."

Tuko mji mmoja miaka yote hii, nami sikujua nisimame upande gani.

Nikahamia kulia kwake. "Mwalimu," akasema, bila kuniita jina. "Leo umepotea njia?"

"Nilipotea zamani," nikasema. "Leo ndiyo nimejua."

Akadhani ni maneno ya walokole. Aliniangalia kwa huruma kidogo, akauliza kama nataka kiti. Nikaweka dira kwenye kaunta, nikangoja itulie, nikaweka bangili kando yake. Sindano ikageuka. Salim akaichukua bangili, akaichovya kwenye boksi la misumari, ikatoka na ndevu za misumari, imesimama pande zote.

"Hii ni nini?"

"Ya mama yangu."

"Ulikuwa nayo kule?"

"Nilikuwa nayo."

"Mkono gani?"

"Wa kushoto. Ndani ya suti. Chini ya dira."

Salim akakalia debe la rangi. Mteja aliyekuja kuulizia kufuli akaondoka mwenyewe.

"Subhanallah," akasema. Kisha tena, polepole, "Subhanallah." Halafu akanitazama. "Wajua, mimi ile dira naifunga mpaka leo. Nikilala naota naifunga. Naifunga hapa, naifunga pale, naisogeza mbali na mtungi, naishika hivi, naishika vile. Kila nikiifunga yasema kweli, na kila nikiifunga tunapotea. Mwaka hadi mwaka, Mghoi. Nikasema basi, mimi nina mkono mbaya."

"Salim, nisamehe."

"Ngoja. Usinikimbize." Alikuwa anatoa misumari kwenye bangili, mmoja mmoja, anairudisha kwenye boksi. "Zuhura! Njoo huku. Mghoi, mwambie yeye. Maneno hayohayo. Babake alinipa binti yake mbele ya watu akisema, 'Namwoza mtu aliyempoteza mwenzake majini, basi huyu wangu asimpoteze.' Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Mwambie."

Nikamwambia. Nilidhani kusema mara ya pili kutakuwa rahisi. Nilimwambia habari ya mlima mchana wa leo, na habari za dira mbili juu ya jiwe, na jinsi nilivyoitikia kwa kichwa. Zuhura alisikiliza mikono imeshika kiuno. Sura yake haikuniambia lolote. Nilipomaliza alimtazama mumewe, akamtazama tena, kana kwamba kuna mtu mpya ameketi juu ya lile debe. Akamfuta vumbi begani, mahali ambapo hapakuwa na vumbi.

Kisha akanigeukia. "Na huyo binti yako anayekwenda pwani kesho, atakwenda na hii?"

"Ndiyo."

"Basi haya mengine yatangoja. Salim, mtoto afunge wapi?"

"Kwenye mpira wa geji," Salim akasema, "kama mzembe mimi." Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa kwanza kwangu tangu Chala, na ulinichoma kuliko kama angenitukana.

Hakusema amenisamehe. Sikumwuliza mara ya pili. Nilipofika mlangoni akaita, "Mghoi. Mwambie apite hapa asubuhi kabla ya gari. Aje na kila kitu atakachovaa majini, kila kitu, hata hereni. Nataka nimwone akifunga." Nikasema asante. Akasema hafanyi kwa ajili yangu.

Basi, mwanangu, kesho tutapitia hapo. Ukiingia, simama upande wake wa kulia.

Kuhusu mahali pa dira, nimekaa nikifikiri, na ninachokupa sasa si amri. Mkononi ni pazuri: dira iko karibu na macho na viganja viko huru, lakini mkono ukipinda, safari imepinda nao, na chochote unachovaa kwenye mkono huo kiko karibu mno. Kwenye mpira wa geji unaishika kwa mikono miwili mbele yako, imenyooka na mwili, ila ukiisahau inaburuta na kugonga matumbawe. Wengine huifunga kifuani kwa kamba inayovutika, wanaitoa wakiihitaji. Wewe una mikono mifupi kama yangu, huenda ikakufaa. Tochi nyingine zina sumaku kwenye swichi. Kisu ni chuma. Dira ya mwenzako ni sumaku pia. Ninachojua kwa hakika ni kidogo sana: pajaribu pale ulipopachagua ukiwa umevaa kila kitu, kila kitu, kisha ugeukie kitu unachokijua. Mimi niliipima dira ikiwa mkono mwingine, na baadaye ikapimwa juu ya jiwe. Haikupimwa hata mara moja ikiwa mwilini mwangu.

Kuhusu bangili, nyanya alikuambia isikutoke mpaka urudi. Jumapili nitapanda bodaboda hadi Sagalla nimweleze mwenyewe, na sijui nitaanzia wapi, kwa sababu aliyetupatia kitu hicho alitupatia alichokithamini kupita vyote. Vaa njiani. Vaa ukila, vaa ukilala, vaa ukinikumbuka. Majini isiingie. Hilo peke yake ndilo ninalokukataza katika barua nzima. Ukiiacha ndani ya begi, ufukweni, hujamvunjia nyanya neno; itakuwa inakungoja utoke, na hiyo ndiyo kazi aliyoipa.

Nimekupa mambo mengi kwa uhakika mkubwa. Sijui mangapi kati yake nilikupa nikiwa na kitu kimefichwa ndani ya mkono wa suti, kinavuta. Nimekaa nikijaribu kuyapitia yote leo, na siwezi, ni mengi mno. Utayapima mwenyewe huko uendako, na ukiona lolote linasema Sagalla iko magharibi, niambie. Nitaudhika. Niambie hata hivyo.

Na ukiwa chini, mtu akikushika mguu, usimpige teke. Simama. Tazama anachokuonyesha. Yawezekana amekosea yeye. Lakini simama kwanza.

Nasikia lango. Umerudi, unacheka na Mama Pendo, anakuuliza hizo nywele ndefu zitaingiaje kwenye tangi lake. Sasa uko sebuleni. Unaniita: "Mum! Bangili ya nyanya iko wapi? Nimeiacha hapa mezani."

Iko hapa mbele yangu, Wakesho. Msumari mmoja wa Salim bado umeing'ang'ania, sijautoa. Nakuja nayo.

Mama yako,
Mghoi